QAT, KAT ama KHAT: miraa ya kwenye Scrabble, ushike ipi?

Kama wacheza Scrabble ya Kiingereza, ule mchezo wa kupanga maneno kwa kete za herufi, hapa Lamu, iwe ni ubao wenyewe ama ni ya kwenye simu, basi hili swali lishakukuta: miraa kwa Kiingereza yaandikwaje? Manake ukifungua kamusi iko QAT, iko KAT, iko KHAT, zote tatu halali, zote maana yake ni mti ule ule mmoja, zote zakubali S kwa nyuma, halafu mtu anakuuliza sasa mimi nihifadhi ipi. Wengi watakwambia QAT bila hata kufikiri kwa sababu Q ni pointi 10 na macho yakishaona 10 basi. Mimi nasema yategemea wacheza mchezo gani na una nini mkononi, na kwenye Scrabble yenyewe KHAT inadharauliwa bure. Haya tuziweke ubavu kwa ubavu.

Maana tuipitie mbio kwa sababu hapo hazitofautiani. Zote tatu ni majani na vijiti vya ule mti, Catha edulis kwa lugha ya wataalamu, vinavyotafunwa mpaka shavu livimbe. Hilo jina la Catha ni neno la Kiarabu lililovishwa Kilatini, na limeanzia kwa Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliyekwenda Yemen na msafara wa mfalme wa Denmark, akafa huko huko kwa malaria 1763, na maandishi yake yakachapishwa 1775 na Carsten Niebuhr, ambaye ndiye peke yake aliyerudi hai kwenye msafara ule. Kinachofanya kazi ndani ya jani chaitwa kathinoni, na hicho kikishakatwa mtini hakikai, chapungua nguvu kila saa, ndo maana mzigo wafungwa kwa majani ya mgomba na yale magari ya Meru yakimbia vile ungedhani yamebeba mgonjwa. Uingereza walipiga marufuku Juni 2014, Uholanzi walitangulia mwaka mmoja. Kwa hivo leo mtu wa London anaweza kushusha QAT mezani kwake akahesabiwa pointi zake bila shida, akikutwa nayo mfukoni ni kesi.

Sasa asili. Hapa mtu wa pwani ana faida ambayo Mzungu hana.

Kiarabu ni qat, kwa qaf, ile sauti ya nyuma kabisa ya ulimi ambayo kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani amepigiwa kelele mpaka akaitoa sawasawa. Qaf si kaf, na qaf si kha. Kiingereza hakina sauti hio, kwa hivo kila msafiri aliyelisikia lile neno kule Yemen ama Harar ya Ethiopia aliliandika anavojua yeye: aliyefuata herufi akaandika Q, aliyefuata sikio lake akaandika K, na kuna waliotia KH, labda kuonyesha kwamba hii K si ya kawaida. Shida ni kwamba KH kwa wanaoandika Kiarabu kwa herufi za kizungu ni kha, ile ya kheri na khofu. Kwa mtu wa chuo KHAT si miraa kamwe, ni khati, mwandiko, ndiko ilikotoka hati.

Na hili si nadharia, nimelishuhudia. Kijana mmoja yuwasoma chuo kikuu, amerudi likizo, akaketi na ami yake wacheze, ami mwenyewe ni mtu wa bao na dhumna lakini Kiingereza chake safi, amefundisha miaka mingi. Kijana akashusha KHAT. Ami akaitazama.

"Hiyo khati, mwanangu. Mwandiko. Wataka kuniandikia barua?"

"La, ami. Hiyo ni miraa."

"Miraa ni kwa qaf. Wewe umeweka kha hapo."

"Ami, Wazungu hawana qaf."

"Na ile Q yao ni ya kazi gani?"

Kijana hakuwa na jibu, akafungua kamusi ya kwenye simu akampa asome mwenyewe, neno likasimama na mchezo ukaendelea, lakini kielimu ami alikuwa sawa mia kwa mia. Kwa uaminifu wa asili QAT ndio ya kwanza, KAT ya pili, KHAT ya mwisho kabisa. Na ajabu ni kwamba KHAT hio hio iliyo mbali na asili ndiyo iliyoshika kwenye sheria za Uingereza na kwenye magazeti yao. Kamusi haijali nani alisoma vizuri kwa maalim wake.

Na kabla sijaingia kwenye hesabu, hili la qaf lina mtaji mkubwa kuliko miraa yenyewe. Wacheza Scrabble duniani kote wahangaika na Q isiyo na U, wakaa kukariri orodha, na hio orodha ukiitazama vizuri mengi ndani yake ni maneno ya hapa hapa kwetu. Kiswahili kilipochukua Kiarabu kiliigeuza qaf kuwa k, Kiingereza kikaiwacha Q. Kwa hivo talaka wao wana TALAQ, fakiri wana FAQIR, nikabu wana NIQAB, kibla wana QIBLA, wakfu wana WAQF, kadhi wana QADI. Mtoto wa Lamu haya hayakariri, ayajua tangu hajaota meno ya pili, ni kurudisha qaf mahali pake tu. WAQF peke yake ni pointi 19 bila mraba wowote wa rangi, ile inayozidisha pointi! Ila angalia mwacheza kwa kamusi gani. Kuna Collins, yaani ile orodha inayotumika karibu kila mahali isipokuwa Marekani na Kanada ambako wengi wafuata orodha ya NASPA, chama chao cha wacheza Scrabble, na si kila neno liko kwenye zote mbili. QAT, KAT na KHAT zenyewe ziko kwenye zote mbili kwa hivo hapo usiwe na wasiwasi.

Kwenye ubao sasa

Q ni 10, K ni 5, H ni 4, A na T moja moja. QAT 12, KHAT 11, KAT 7.

Soma tena hapo. Kati ya QAT na KHAT tofauti ni pointi moja. Moja! Na watu wanazungumza kama QAT ni dhahabu na KHAT ni bati. Mfuko una kete 100, Q iko moja tu, K nayo iko moja tu, kwa hivo hata kusema Q ni adimu kuliko K si kweli, zote mbili nafasi ya kuzipata ni ile ile. Kitu KHAT inachodai zaidi ni H, na H ziko mbili. Hapo ndo wengi waishia, waona herufi nne, waona lazima wawe na K na H pamoja, waachana nayo.

Lakini KHAT huishushi yote kutoka mkononi. KHAT ni HAT iliyotangulizwa K. Na HAT iko ubaoni kila mchezo, kila mtu ajua HAT, mtoto wa darasa la pili ajua HAT, mtu akiishusha hata hafikirii kama kuna kitu chaweza kukaa mbele yake. Tuseme imelala katikati ya ubao na wewe una K, I, T, E. Wasimamisha KITE kwenda chini, K yake ikae mbele ya HAT. Umepata KITE 8 na KHAT 11, jumla 19, kwa kete nne za kawaida. Sasa K hio ikiangukia mraba wa kuzidisha herufi mara mbili, yahesabika 10 kwenye kila neno, KITE yawa 13 na KHAT yawa 16, tayari 29. Ikiangukia ule wa mara tatu ni 18 na 21, yaani 39, na mwenzio aliyeweka HAT alichukua pointi 6 akaona amekula.

Jaribu hivo hivo kwa Q. QAT nayo ni AT iliyotangulizwa Q, na AT zimejaa ubaoni, sawa. Lakini hio Q yako ikikaa mbele ya AT na wataka kusimamisha neno lingine hapo hapo kwenda chini, utasimamisha nini? QI, ama zile chache kama QADI. La sivyo utafute U. Maneno yanayoanza na K ni mengi mno, yanayoanza na Q ni machache na mengi yao yadai U, na U ziko nne tu mfukoni. Ndo nasema K ni rahisi kuiunga na maneno mengine na Q ni mzigo, wa thamani kweli, lakini ni mzigo.

Hata hivo nisiwe mkaidi, kuna mahali QAT yaua. Ukipata I peke yake ubaoni na juu yake kuna mraba wa herufi mara tatu, na upande wa kulia kuko wazi, laza QAT juu ya ile I. Q yahesabika 30, QAT yawa 32, na kwenda chini Q na I zafanya QI ambayo ni 31, jumla 63 kwa kete tatu. Mtu aweza kuzira mchezo kwa hilo.

Sasa hapo ndo waingia mashindano ya kweli, manake mpinzani wa QAT si KHAT, ni QI. QI ni ile nguvu ya uhai ya Wachina, herufi mbili, pointi 11, Marekani waliikubali 2006 na tangu hapo QAT imepoteza kazi nusu. Ukiwa na I moja mkononi na nyingine ubaoni, QI mbili, moja imelala moja imesimama, Q kwenye mara tatu, ni 62. Pungufu ya QAT kwa pointi moja na bado A na T zako umebaki nazo mkononi, na A na T ni herufi za kutengeneza neno la kete zote saba lenye zile pointi 50 za ziada. Kwa hivo mimi ukiniuliza ukiwa na Q, A, T na I zote pamoja, nishushe QI ama QAT, nitakwambia QI mara nyingi, isipokuwa mchezo umefika mwisho ama QAT yagusa tripo wodi, ule mraba wa kuzidisha neno zima mara tatu.

Mwisho wa mchezo ni habari nyingine. Mwenzio akimaliza kete na wewe umekaa na Q, watolewa 10 na yeye aongezewa hizo 10, pengo la 20 kwa kete moja, na mechi nyingi barazani haziishi kwa pengo la 20. Ndo kazi halisi ya QAT: ni bima. Kete zikianza kuisha mfukoni na Q hujaiona, tafuta AT ama I iliyo wazi ubaoni, ilinde, usiizibe wewe mwenyewe kwa tamaa ya pointi nane.

KAT nimeiwacha nyuma kwa makusudi. Pointi 7 ni kidogo, na ubaya wake mkubwa ni kwamba iko wazi pande zote mbili. QAT yaongezwa S tu, KHAT nayo S tu, basi, milango imefungwa. KAT mbele yake yaingia S ikawa SKAT, ule mchezo wa karata wa Wajerumani wa watu watatu na karata 32. Yaingia I ikawa IKAT, kitambaa cha kina Indonesia ambacho nyuzi zake zafungwa na kutiwa rangi kabla hazijafumwa. Nyuma yaingia S, yaingia A, na kwa kamusi ya Collins yaingia I pia. KATA na KATI! Mswahili akiziona acheka peke yake, lakini KATA yao ni ile mifuatano ya karate kutoka Kijapani, na KATI ni kipimo cha uzani cha Kimalayi, kama gramu 600 hivi, ambacho ndicho kilichowapa Waingereza jina la kile kikopo chao cha kuwekea majani ya chai. Sasa wewe washusha KAT kwa pointi saba halafu mwenzio mwenye A moja tu, kete ya pointi moja, aiunga KATA na neno lake zima kwenda chini. Umemjengea ngazi.

Kazi yake moja nzuri ni mtego. Yaonekana kama mtu alitaka kuandika paka akakosea. Mpinzani asiyejua atachalenji, yaani atalipinga neno, na mnapocheza kwa kanuni za Marekani, ama zile za nyumba nyingi, anayechalenji neno halali apoteza zamu yake. QAT haichalenjiwi siku hizi, imekuwa maarufu, kila mwenye apu ya Scrabble ashaiona. KHAT iko katikati, mwenye kusoma magazeti aijua, asiyesoma atasitasita. Kwa hivo kama wamjua mwenzio ni mtu wa hasira na mwepesi wa kubisha, KAT mtilie.

Kuna mtu ataniambia hio yote ni kukariri tu, si kujua Kiingereza. Kweli. Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa 2015 na Kifaransa hazungumzi, 2024 akarudia kwa Kispania. Mwaka huo huo wa 2015 Wellington Jighere wa Nigeria alichukua ubingwa wa dunia wa Kiingereza kule Perth, Mwafrika wa kwanza, na huko wacheza Collins. Lakini mimi nina maoni tofauti kidogo, neno ukijua limetoka wapi lakaa kichwani bila kulazimishwa, na sisi hii miraa hatuhitaji kuelezwa ni nini, iko pale yauzwa na njugu na chingamu ya Big G.

Nje ya Scrabble

Ukihamia mchezo mwingine hesabu zabadilika na hapa wengi hawaangalii. Words With Friends ya kwenye simu Q ni 10 vile vile na K 5 vile vile lakini H yao ni 3, kwa hivo KHAT yashuka mpaka 10 na QAT yapanda mbele kwa mbili. Si kitu cha kukunyima usingizi.

Boggle ndo kichekesho. Ile ya vijiwe 16 watikisa kwenye kisanduku, dakika tatu, waandika maneno unayoyaona. Kwenye Boggle ya kawaida upande wa Q umeandikwa Qu, Q na U zimeshikana. QAT haiwezekani kabisa, hata kama kijiwe hicho kimekaa pembeni ya A na T! KAT yawezekana, pointi moja. KHAT pointi moja pia, manake herufi tatu na nne kule ni bei moja, ila KHATS ni tano na zina pointi mbili. Kwa hivo yule aliyekwambia hifadhi QAT peke yake, kwenye Boggle amekuacha mikono mitupu.

Wordle, ule wa kubahatisha neno la siku, wataka herufi tano, yaani katika hizi zote ni KHATS tu yenye urefu unaofaa, na majibu yao kwa kawaida hayawi wingi wa kutia S, kwa hivo ni kupoteza jaribio. Pita.

Halafu kuna ule mchezo wa kunyonga mtu, ule tulicheza wote ubaoni mwalimu akichelewa, waweka vistari mwenzio abahatisha herufi na kila akikosa wachora kichwa, mwili, mkono. Hapa QAT haina mfano. Weka vistari vitatu. Mwenzio aanza na E, hakuna, kichwa. Asema A, ndio, ataka kufurahi. Asema T, ndio, sasa afurahi kweli kweli, aona _AT na ashamaliza. Asema C. Hakuna. Asema H, hakuna. R, hakuna. B, M, S, F, P, hakuna, hakuna, hakuna, na maneno ya Kiingereza yenye AT nyuma hayaishi, kila moja laonekana ndilo, na Q haimjii akilini kwa sababu tangu darasa la kwanza ameambiwa Q hutembea na U. Mtu anyongwa mpaka viatu. KAT yafanya karibu hivo hivo lakini K mtu huifikia mapema kuliko Q, na KHAT ni dhaifu zaidi kwa sababu H ikishatoka amebakiwa na herufi moja tu na K haiko mbali.

Na kwa wale wasiocheza kitu, wataka tu kuandika, mwanafunzi mwenye insha ya Kiingereza ama mtu anayeandika ripoti. Hapa mpangilio wageuka juu chini. KHAT ndo ya kawaida kwa habari za Uingereza, za sheria na za afya, QAT waikuta zaidi mtu akiandika kuhusu Yemen, KAT iwache kabisa, mwalimu ataipiga mstari mwekundu kabla hajafikiri. Lakini kama waandika habari za Kenya mimi ningeandika miraa tu hata kwa Kiingereza, kwani hata kanuni za serikali za hili zao za 2023, zilizoandikwa kwa Kiingereza, zasema Miraa. Na muguka, ile aina nyingine ya majani ya kutafuna, usiichanganye humo. Hio ni ya Embu na ina kesi zake, Mei 2024 Mombasa na Kilifi, Malindi ikiwemo, waliipiga marufuku mambo yakafika kotini, na mtu akikusoma umeita yote khat hatajua wazungumzia ipi.

Kuna mtu ataniuliza mbona sikuitaja CHAT. Waethiopia ndivo waitavo, na vitabu vingine vya Kiingereza vinavozungumzia Ethiopia vimeiandika hivo hivo. Kwenye Scrabble ni halali kwa sababu ya yale maana mengine, kupiga soga na yule ndege, pointi 9, na nayo ni HAT iliyotangulizwa herufi, C ambazo ziko mbili mfukoni. Ukikosa K iko hapo. Hakuna atakayekuchalenji, na ukimwambia mwenzio kwamba wewe ulikusudia miraa, shauri yake kukuamini.